Isiyo na Kioo

Kamera yangu ya zamani ina kioo tumboni.
Kila picha kioo kinaruka, kwacha!
kama mlango wa kabati uliofungwa kwa hasira.
Miaka kumi na minne Kasisi Ilarion amenivumilia.
Jumapili, mtoto akiwa majini anabatizwa,
aligeuka na ndevu zake zote, akanitazama.
Hakusema neno. Neno lilinifika.

Basi Jumanne niko dukani kwa Badri, hapa Kutaisi,
theluji ya viatu vyangu inayeyuka mkekani,
na juu ya kaunta amezipanga mbili,
nyeusi, hazina kioo, fremu kamili,
kama wachumba waliokuja kuposa siku moja.

Badri ana hesabu zote kichwani.
Hii, pikseli milioni arobaini na tano:
mpige bibi harusi kwenye ngazi za kanisa,
ukifika nyumbani umhesabie kope.
Ile, nusu ya hizo,
ila gizani huona kama paka,
na video yake haikati.
Haikati?
Haikati.

Nikamkumbuka Mzee Shota, bingwa wa karamu.
Akishika pembe ya divai huanza na Mungu,
akashukia nchi, akapitia kwa marehemu,
mizabibu, majirani, shangazi za bwana harusi,
na dakika ya ishirini na tisa
kamera yangu hufumba jicho
kabla hajawafikia maharusi.
Nina harusi kumi na moja zisizo na mwisho.

Wanasema mchagua jembe si mkulima.
Waje wao walime
kwa jembe la lari elfu saba.

Na lenzi zangu za zamani, zitaingia?
Kwa pete, akasema Badri, ya kuunganishia.
Kila kitu duniani huungana kwa pete.
Akacheka peke yake.

Kisha akasema: jaribu.
Nusu sekunde, bila miguu mitatu.
Ng'ambo ya barabara mama mmoja anauza
jozi zilizotungwa uzini, zikachovywa
kwenye uji wa zabibu,
zimening'inia kama mishumaa ya kahawia.

Hapo ndipo sikumwambia kitu Badri.
Tangu miti ya plamu ilipochanua
mkono wangu wa kulia una siri.
Kijiko kinaijua. Kikombe kinaijua.
Sindano imeacha kuniamini.
Mwanangu Zurab anadhani ni kahawa,
nami nimeiacha kahawa ibebe lawama.

Kwa ile ya kwanza yule mama alitoka wawili,
na kila mmoja ana kivuli.

Ile ya pili, Badri anaeleza,
kihisi chake kinaelea juu ya sumaku:
mkono ukienda kushoto, chenyewe kinakwenda kulia,
ukizama kinainuka,
kinamfuata mtu kama mke anayemjua mlevi wake njiani.
Nikabonyeza. Hapakulia kitu.
Nilidhani haijapiga.

Jozi zote, moja moja, ziko mahali pake.
Chembe ya theluji kwenye mtandio wa yule mama.
Nikaikuza mpaka uzi,
mpaka kwenye fundo la uzi.
Palikuwa pametulia.
Badri akachungulia begani pangu:
una mkono wa daktari wa upasuaji.

Nikasema nachukua hii.
Kwa ajili ya video, nikasema.
Kwa ajili ya Mzee Shota.

Akaleta fomu ya malipo, miezi kumi na minane,
akaweka kidole pa kutia sahihi.
Nikaandika Nestan.
Kalamu ikaandika jambo jingine,
mstari wa kuku aliyepita penye majivu.

Aliutazama kwa muda.
Hakuinua macho.
Akavuta droo, akatoa mkanda wa ngozi wa mkononi,
akaufunga kwenye kamera, fundo mara mbili,
akaujaribu kwa kuuvuta.
Huu, akasema, hauna bei.
Akarudi kutafuta boksi.