Kishikizo

Jumanne, mvua ya Tukuyu ikinyesha,
Koplo Ambakisye aliniletea ala ya bastola.
Kishikizo kimekatika, ngozi imelegea mdomoni,
inajikunja ndani kama ulimi wa kiatu kikuukuu.
Nikasema: kesho.
Nilikuwa na raba za shule, jozi tisa.
Akasema haya, akaivaa hivyo hivyo.

Alhamisi, mbele ya benki,
akiirudisha bastola kiunoni bila kutazama,
ngozi ikabonyeza kifyatulio
kabla ya kidole chochote.
Mlio mmoja.
Paja lake, kisha gunia la viazi la mama mmoja
aliyekuwa akihesabu chenji.

Leo askari mgeni kaileta ala ile ile,
ina tundu chini.
Inashoneka, fundi?
Inashoneka, afande. Keti hapo.
Dakika kumi.

Zilikuwa kumi hata Jumanne.