Ringi zijuane na ukuta

Bwire aliuleta Jumapili, msumeno, ndani ya kiroba cha sembe,
kama mtu aliyebeba kuku aliyemfia njiani
na bado anatafuta kisu.
"Dada, umekata pumzi."
Nikavuta kamba. Ikaja laini, haina ubishi,
mkono wa mgonjwa asiyejua tena nani kamshika.

Mafla ilipotoka nikachungulia tunduni:
pistoni imechunika ubavu mmoja,
michirizi juu hadi chini.
"Petroli tupu," nikasema. "Hukutia oili."
Akatazama ziwa.
Kwangu, juu ya mawe ya Igogo,
ukikosa la kusema, ziwa lipo.

Mwenye mtumbwi wa Kayenze alikuwa anapiga simu.
Mbao arobaini, alizitaka juzi.

Mimi nashona. Sare za kwaya, nguo za kipaimara.
Lakini kinachopanda na kushuka siku nzima
kinadai mafuta, kiwe sindano, kiwe hiki.
Nikatandika kitenge kikuukuu juu ya meza ya kukatia,
skrubu nikazipanga kwenye trei ya mayai,
kila moja na shimo lake, kila shimo na alama ya chaki.

Silinda niliipaka dawa ya choo kwa kijiti cha pamba.
Ikatoa povu, ikanuka,
ikala aluminiamu iliyogandamana ukutani.
Nikasuuza, nikapitisha ukucha,
ukucha huu unaojua mshono ulioruka hata umeme ukikatika.
Haukunasa.
Nikapitisha tena, polepole, kwa sababu nilitaka sana usinase.

Bwire akashuka Mlango Mmoja kutafuta pistoni,
akarudi jioni na ya Kichina, elfu thelathini na tano,
ringi mbili kwenye nailoni, nyembamba kama hereni za mtoto.

Kranki ililala kwenye friji la Nyanzobe
katikati ya barafu za ubuyu.
(Kesho yake mwanafunzi mmoja alilalamika
barafu yake ina ladha ya cherehani.)
Kasha nililipasha kwenye kikaangio cha sangara
hadi tone la maji likaruka juu yake na kutoweka.
Baridi ikaingia ndani ya moto: tok.
Bwire alikuwa tayari ameshika nyundo.
"Iweke chini," nikamwambia.

Halafu klipu ya pini ikaruka.
Saa nzima tulitambaa, yeye na tochi ya simu,
mimi na sumaku ya kuokotea sindano.
Tuliikuta imejificha kwenye pindo
la gauni la bibi harusi wa Ilemela.

Gasketi nilikata boksi la biskuti
kwa mkasi wangu mzuri, ule usiogusa karatasi.
Ndipo Bwire akasema, hajaniangalia,
"Nilikuwa na haraka, dada. Chupa ya oili ilibaki nyumbani,
nikasema, mbao mbili tu."
Nikaendelea kukata. Duara dogo lile lina kona nyingi.

Mchanganyiko alipima mwenyewe
kwa kikombe cha dawa ya kikohozi, midomo ikihesabu.
Akakosea, akamwaga, akaanza upya.

Mvuto wa kwanza, kimya. Lakini kamba iligoma kidogo,
ikanirudisha bega, nami nikacheka peke yangu.
Wa nne, kikohozi.
Wa sita, mbuzi wa Nyanzobe wakatawanyika miambani
na moshi wa buluu ukaingia kwenye nguo zote nilizoanika.

Akataka kuvuta mafuta. Nikamzuia mkono.
"Uache ungurume hivyohivyo. Ringi zijuane na ukuta."

Simu ikalia mezani. Ikanyamaza, ikalia tena.
Bwire alikaa juu ya jiwe, kainamisha sikio,
anasubiri tangi liishe.