Hewa ya Jumanne

Vioo viwili vya dirisha, vya nyumba iliyobomolewa Igoma,
nimevisugua kwa siki mpaka vikalia chini ya kidole.
Katikati nanyunyiza magadi soda,
yaleyale ya kulainishia maharage,
kwa chujio la chai.
Yakizidi, povu. Yakipungua, kioo kipofu.

Minza alisema: moto hupanda ngazi, hauruki.
Mwezi uliopita nilikuwa na haraka;
sahani ikatumbuka kama jipu,
ikaacha mdomo wa wembe. Kovu hili hapa, penye gumba.

Leo napandisha polepole.
Saa tano usiku umeme unakatika.
Nakaa juu ya jiwe nyuma ya banda, Mabatini yote giza,
natukana kidogo, naomba kidogo.
Unarudi. Tanuri linaguna.

Sifungui.
Nalala na funguo mfukoni nisijishawishi.

Asubuhi ya pili, kioo kina joto la mkono tu:
viputo, mamia,
vingine vimefuatana kwenda juu
kana kwamba sato alipumua pale, akaondoka.

Mteja wa hoteli atauliza kama ni kasoro.
Nitamtajia bei.
Sitamwambia kuwa Jumanne, kabla sijafunika kioo cha juu,
Minza aliinama mezani kukagua,
akakohoa mara mbili, akacheka,
akabeba begi lake kuwahi meli ya Ukerewe.

Ni magadi tu, najua.
Lakini kile kikubwa, cha pembeni,
sikukipanga mimi.