Pemba

Jumatano ya Majivu Padri Kaseya alinichora paji la uso,
akanikumbusha nilikotoka na nitakakorudi,
nami nikaitika Amina
huku kipande kikiyeyuka chini ya ulimi.
Kidogo tu, kama ukucha wa mtoto.
Ndipo nikaona haya.
Majivu nje, udongo ndani:
nilikuwa nimemtangulia padri.

Mume wangu ameacha bia. Mtaa mzima unajua.
Chupa tupu amezipanga ukutani
kama askari walioachishwa kazi,
na wageni wakija anawaonyesha.
Baba Nyembo, jikaze! Baba Nyembo, wewe mwanaume!
Mimi nimeacha pemba.
Nimwambie nani?
Nyembo mwenyewe alishasema, Mama, hicho si chakula, ni ukuta.
Na muuguzi wa Katuba aliyenifunua kope akaona weupe
alisema, Damu yako imekuwa maji.
Acha kula nchi, mama, wanaoila wanatosha.
Kwa ajili ya damu yangu sikuacha.

Nakaa Kampemba. Hata anwani inanicheka.
Nauza saruji dukani kwa Bwana Kyungu,
mifuko inafika imepasuka, nafagia kutwa,
na kila ninachokifagia kina harufu.
Saa nne anapita Mama Mwepu na beseni lake,
vipande vyeupe, virefu, vimekaushwa kwa moshi,
franga mia mbili kimoja.
Anasimama mlangoni kwa mazoea.
Leo hapana, nasema.
Kesho?
Kesho pia.
Ananitazama tumboni, anatabasamu, anahesabu miezi.
Na miaka yangu hamsini na miwili!

Halafu mvua.
Hakuna aliyenionya kuhusu mvua.
Mwezi wa tatu, saa tisa alasiri,
wingu linatoka upande wa bomba la moshi la kiwanda,
linapita juu ya ule mlima mweusi wa makapi ya shaba,
na matone ya kwanza yanapiga barabara nyekundu.
Ee Bwana, harufu ile!
Kinywa kinajaa mate kama cha mbwa mbele ya bucha.
Natafuna kijiti cha kiberiti. Natafuna kola ya blauzi.
Naanza rozari, napotea kwenye tendo la pili.
Hawa alitamani tunda.
Mimi miti yote ningeiacha,
nikapiga magoti, nikailamba bustani.

Wiki ya tatu tulimzika mama mdogo Kabulo.
Ndiye aliyenipa cha kwanza, nikiwa na mimba ya Nyembo,
siku nilizokuwa natapika hata maji.
Alimega kichuguu nyuma ya jiko,
akakivunja kwa meno yake, akanigawia nusu.
Tumbo likikataa vyote, alisema, halimkatai mama yake.
Tulikula tumesimama, kimya, kama wezi wawili.

Makaburini foleni ilikuwa ndefu.
Kila mtu konzi moja.
Nikachota. Ulikuwa umelowa, wa baridi,
mwekundu kama ini.
Nikaushika kupita kiasi.
Shemeji nyuma yangu akakohoa.
Nikauachia. Ukagonga sanduku: ko.

Jioni, nikiwa nasonga bukari,
nikaona mstari mwekundu chini ya ukucha wa kidole gumba.
Mume wangu alikuwa anapangusa chupa zake moja moja.
Bado siku ishirini na tatu, akasema,
hujui wewe mateso haya.
Sijui, nikamjibu.
Nikaepua sufuria, nikaketi,
kidole nimekilaza mezani peke yake
kama mgeni aliyekuja bila taarifa.
Sikukilamba.
Kunawa pia sikunawa.