Mita Nne Tambarare

Vilima vya Maragoli havikuumbwa kwa ajili ya utafiti.
Mwongozo wasema: mita nne, ardhi iwe sawa,
mzee atembee mwendo wake wa kila siku.
Likizo ndefu ya mwaka wa tatu, nami nazunguka boma na kamba ya kupimia:
huku mwamba, kule mteremko wa majani chai,
palipo na nafuu kafungwa ng'ombe.

"Pale," akasema Guku Kageha,
akaonyesha kwa kidevu
kati ya mlango wa jikoni na makaburi matatu.
Ndipo palipofagiwa.

Nikachora mstari mmoja kwa chaki, wa pili kwa jivu,
chaki ilikuwa imekatika.
Tembea, Guku, usisimame.
Mita ya tatu akainama,
akang'oa gugu kando ya saruji,
akalitupa, akafuta kidole kwenye leso, akaendelea.
Sekunde kumi na tisa.
Saa yangu haikuuliza kitu.
Nami nikaandika: mwendo hafifu.

Mwaka wa kuzaliwa?
Wa nzige.
Nzige wepi?
"Waliokula mtama wa baba. Wewe uliwajua wengine?"
Daktari Asiligwa alituonya kule Kisumu
tusiwasahihishe wazee, tusubiri.
Nikasubiri. Akanimiminia uji.

Kisha kumbukumbu. Nikampa maneno matatu:
kijiko, mvua, daraja. Yaweke, nitayauliza.
"Haya. Nawe niwekee yangu:
Kadenyi. Vihenda. Mudaki."
Nikaitikia kama mtu anayepokea chenji bila kuihesabu.

Dakika tano.
Kutoka mia tukaondoa saba, tukaondoa saba,
akakwama tisini na tatu: "Hizo saba mnazipeleka wapi?"
Akainuka kitini mara tatu kati ya tano.
Akauliza kama magoti ya mama yangu ni mazima.
Sikujua. Tangu Aprili
nampigia kuomba nauli tu.

"Kijiko, mvua, daraja," akasema kabla sijafungua mdomo.
"Na yangu?"
Kadenyi, nikasema.
Mudaki.
Jogoo akaparura jivu la mstari wangu.
Guku hakunisaidia. Alisubiri,
kama tulivyofunzwa kusubiri.

Kwenye fomu nikajaza: tatu kwa tatu.
Mtafiti hana kisanduku chake.

Nilipoaga nilipita palepale,
nikainama kusoma saruji,
na sijui zilikwenda sekunde ngapi.