Upande wa Sita

Mjini Trieste kuna upepo uitwao bora,
na ubora wake mimi sijauona:
hupokonya kofia, hung'oa vigae,
huwafanya wazee wa mtaa wa Tigor washike kamba za ukutani
kama mbuzi waliogomea mnada.
Siku hizo Bi Nives hashuki ngazi.
Huniita mimi, jirani wa chini, fundi wa mashine za kahawa,
nije nimzungushie mpini wa santuri.

Sahani tano, pande kumi:
Ermanno Dapretto peke yake na piano, mwaka thelathini na moja.
Kwanza husikii muziki. Unasikia mafuta kikaangoni.
Kisha, nyuma ya kikaango,
mkono wa kushoto unaingia kabla ya wa kulia,
kidogo tu, kama mwenyeji
anayefungua mlango hodi haijapigwa.
Wapiga piano wa leo hawafanyi hivyo. Mikono yao hufika pamoja,
imenawa, imevaa saa.

Upande wa tatu kidole kinateleza.
Wakati ule nta haikufutika: ulichokosea kimekaa.
Bi Nives huisubiri noti hiyo kichwa kimeinama,
na ikishapita, imepotea njia, hutabasamu:
"Kajikwaa, hakuanguka."
Upande wa nne, nje ya studio, tramu inapiga kengele,
na Dapretto, nakuapia, anaingoja ipite.

Upande wa tano unakatika neno likiwa mdomoni.
Hapo Bi Nives huigeuza sahani, huiacha izunguke,
lakini sindano haiteremshi.
Dakika nne na robo tunakaa kimya, upepo unagonga madirisha,
na juu ya weusi ule linazunguka jina
lililochorwa kwa msumari na mtoto wa miaka mitano: LIVIO.
Mdogo wake. Alichapwa kwa hilo.
Mwaka hamsini na tano akapanda meli ya Australia
na sanduku la mbao. Barua tatu. Basi.

Nami, kwa kimbelembele changu,
nikaiandikia maktaba ya redio kule Ljubljana.
Wakanitumia upande wa sita uliosafishwa,
hauna mafuta, hauna vumbi,
mweupe kama shuka la hospitali.
Nikamvika Bi Nives vidude vya masikioni.
Akasikiliza mpaka mwisho. Akavivua.
"Ana haraka," akasema. "Nta inamwishia, anakimbia
kama mtu aliyesikia honi bandarini."
Hakulia. Aliniuliza kama nimekula.

Usiku ule niliona aibu.
Maisha yake yote aliutunza upande ule,
mzuri kuliko yote tisa kwa sababu haukupigwa,
na mimi nikamletea ukweli ndani ya simu.

Jumanne bora ikarudi, na kigae kimoja kikaanguka uani.
Nikapanda. Nikazungusha mpini.
Wa kwanza, wa pili, kidole kikateleza mahali pake,
tramu ikapita, ikangojwa.
Wa tano ukakatika. Akaigeuza sahani.
Nikajiweka sawa kitini kwa ajili ya kimya.
Akateremsha sindano.

"Utaiua sindano," nikasema.
"Sindano zinauzwa."

Tok. Dapretto. Tok, tok. Dapretto
anaruka mguu wa L, anatumbukia ndani ya O,
anachomoza upande wa pili, kushoto kabla ya kulia,
tok, mtoto anagonga msumari, tok,
mtu mzima anakimbia na muziki mikononi,
mafuta yanakaangika, dirisha linatetemeka,
na Bi Nives, uso ameuelekeza mlangoni,
anasema, sijui kumwambia yupi kati yao:
"Polepole, wewe. Polepole."