Dodoso

Kijana wa makao makuu amepanda hadi Mbokomu
na kishikwambi, na viatu visivyoyajua matope ya Mei,
kuuliza tumepatwa na nini, sisi kura za kudumu.
Baba kampa kigoda. Chai haikuchelewa.
Kijana anasoma: Ulihama kwa sababu ya
ukabila, dini, au uongo wa wapinzani?
"Nilihama lini?" anauliza Baba.

Anaingia ndani, anarudi na kopo la maziwa ya unga:
cheti cha ubatizo, karatasi za kihamba,
na kadi. Stempu za ada mwezi kwa mwezi,
miaka kumi na tisa,
isipokuwa Machi ile aliyomzika Elinami.
Ya Machi aliilipa Aprili, pamoja na ya Aprili.

"Andika. Nilishona magunia kule Njoro, zamu ya usiku;
vumbi la katani ninalikohoa mpaka leo.
Kiwanda kilipouzwa tulishuka tawini.
Katibu akasema, subirini.
Tukasubiri, na mafao yakasubiri nasi.
Tarimo alichoka kusubiri, tukamzika Uru, mvua inanyesha.
Chama kilileta shada.
Mwaka uliofuata tawi likajengewa geti.
Mwaka mwingine, nusu yake ikawa baa,
na ule mkono ulioshika sururu ukutani
ukapakwa rangi upya, mzuri kuliko zamani.
Siku moja nikamwita katibu Ndugu,
kama tulivyofundishana.
Dereva wake akanisahihisha:
Mheshimiwa."

Kijana anapekua skrini juu, chini.
"Niweke wapi hii, mzee? Kwenye mengineyo?"
"Weka unapoweza."
"Na siku ya kura, ulimpa nani?"
"Sikwenda. Ilikuwa zamu yangu ya mfereji.
Nikiondoa jiwe, maji yanakuja.
Sijawahi kuyapigia makofi."

Kimya. Kuku kapita katikati yao.
Kidole cha kijana kimeninginia juu ya kioo,
kisha kimegusa; nimechungulia begani kwake:
*Hakujibu.*

Mama kamfungia mkungu, mgeni haondoki mikono mitupu.
Hajui kuubeba. Anaukumbatia kama mtoto wa mtu mwingine,
utomvu unamchuruzika kwenye shati jeupe.
Baba amesimama, polepole, kwa kikohozi chake,
amemtwika begani, amemgeuza kidogo shingo.

"Hapo, ndugu," anamwambia.
"Uzito ukae hapo. Sasa shuka."